Sauti ya Juu, Sauti ya Chini

Skrubu ya tano ilikuwa imeshikwa na kutu. Nilidondosha tone moja la mafuta ya cherehani juu yake, nikaweka bisibisi mezani, nikasubiri. Skrubu za kaseti hazipendi kulazimishwa. Ukilazimisha, kichwa kinamenyeka, na hapo unabaki na kipande cha chuma kisichoshikika wala kisichotoka. Nne za mwanzo nilikuwa nimezipanga kwenye kifuniko cha chupa, kila moja upande wa kona yake, ili zirudi zilikotoka.

"Dada, hiyo moja ndiyo imekushinda?" aliuliza Deogratias, mdogo wangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa karakana, koti limefungwa hadi shingoni, anamenya karanga. Ilikuwa Julai, na upepo wa Sumbawanga ulikuwa unaingia kila unapopata tundu.

"Haijanishinda. Naipa muda."

"Imepewa miaka hamsini. Bado tu?"

Nilijaribu tena, taratibu, na safari hii skrubu ikazunguka. Niliinua kifuniko cha kaseti. Kabla sijaona kitu nilisikia harufu, kali kama siki iliyosahauliwa kabatini. Halafu nikaona unga. Ulikuwa umetapakaa ndani ya kaseti, wa kahawia, laini kama ugoro, na kwenye kingo za utepe kulikuwa na ukungu mweupe.

Nilirudisha kifuniko polepole. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, na mwandiko wa Baba wa herufi kubwa: TAA YA MBALI. 13. MWISHO.

"Vipi?" aliuliza Deo. Alikuwa ameacha kumenya.

"Imeoza."

"Imeoza kabisa?"

"Itasomeka. Mara moja tu."

Deo ameendesha malori miaka thelathini; anajua injini, hajui kanda. Nilimweleza kama nilivyojieleza mwenyewe nilipokuwa najifunza, kwa maana hakuna aliyenifundisha.

Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, na gundi ndiyo inayoushika unga huo. Picha inakaa sehemu yake na sauti ina mstari wake pembeni. Deki ya Baba, aliyekuwa akiwaonyesha watu filamu za kigeni, ilikuwa na kitufe kilichoruhusu mtu kuchomeka maikrofoni na kurekodi sauti mpya juu ya sauti ya filamu bila kuigusa picha. Hivyo ndivyo alivyotafsiri: alikaa mbele ya watazamaji, akabonyeza kitufe, akasimulia. Sauti yake ilikaa juu. Lakini sauti ya zamani haikufutika yote. Ilibaki chini, kama maandishi ya penseli yaliyofutwa, ambayo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga bado unayaona.

Mashine iliyokuwa nyuma yangu, ninayoiita kisomeo, ndiyo inayozisoma sauti zote mbili. Ncha yake ni nyembamba kuliko unywele, na inasikiliza punje moja moja ya unga. Ina swichi moja kubwa yenye maneno mawili niliyoyaandika mwenyewe kwa rangi: JUU na CHINI. Kanda kumi na mbili za kwanza nilizipitisha mara mbili, kwanza juu, kisha chini, na zote zilivumilia. Baba alikuwa amezihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Hii ya kumi na tatu aliiweka peke yake juu ya dari ya jikoni, penye moshi na mvuke. Sijui kwa nini. Tuliipata mwezi wa tano, tulipobomoa jiko la zamani.

"Gundi imekufa," nilimwambia Deo. "Ncha ikisoma juu, unga wote unadondoka, na sauti ya chini inaondoka nao. Nikitaka ya chini, inabidi ncha ikwangue kwanza ya juu, na ile ya juu inakuwa vumbi kabla hata haijasikika. Picha tutaipata vyovyote vile. Sauti ni moja."

Deo aliangalia kaseti, akaangalia kisomeo.

"Kwa hiyo ni Baba au ni yule mzungu."

"Ni Baba au ni Bibi Marta," nilisema. Mwigizaji yule bado yuko hai, kwao Hungaria, na anaisubiri sauti yake.

*

Nimeitazama Taa ya Mbali mara mbili katika maisha yangu, na nusu karne iko katikati.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikaa kwenye mkeka mbele kabisa katika kibanda cha video cha Baba, Jumapili baada ya misa ya pili. Kibanda kilikuwa cha matofali ya kuchoma na bati, dirisha limezibwa kwa blanketi la kijivu. Kanda hizo aliachiwa na injinia mmoja Mhungari wa mradi wa maji, aliyekuwa amezirekodi kwao kutoka kwenye televisheni na kuzibeba hadi Rukwa, nadhani kwa upweke. Baba alikuwa dereva wake miaka miwili. Akafika kibandani na kuwaambia watu kwamba anajua Kihungari. Hakuna aliyeweza kumpinga.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Kuna kituo mwisho kabisa wa njia ya vyombo vya angani, baada yake ni giza. Kituoni yuko mwanamke mmoja, na kazi yake ni kuitunza taa ili meli zisipotee. Ana roboti wa kumsaidia. Baba alimwita mwanamke Bi Taa, na roboti akamwita Bwana Debe kwa sababu ndivyo alivyofanana. Sehemu kumi na tatu, na karibu zote zinafanyika katika chumba kimoja.

Leo ukitazama kwa makini unaona kwamba kuta ni za mbao nyembamba. Bi Taa akifunga mlango kwa nguvu, anga lote linatikisika. Nyota ni matundu kwenye kitambaa cheusi. Katika sehemu ya tano kanzu ya bati ya Bwana Debe inapanda juu kidogo, na unaona kiatu cha ngozi kilichofungwa kamba vizuri. Nilikiona kiatu kile hata nikiwa mtoto. Hakikunisumbua. Niliona kwamba roboti amepewa viatu kwa sababu ya baridi, kama sisi.

Kilichonishika ni jinsi mwanamke yule alivyofanya kazi. Katika sehemu ya nne, kwa dakika sita nzima, anasafisha kioo cha taa. Hakuna muziki, hakuna adui. Anafuta kutoka katikati kwenda ukingoni, anageuza kitambaa, anafuta tena. Kibanda kizima kilinyamaza. Hata Baba alinyamaza. Kwenye kanda yake unasikia mvua tu juu ya bati na mtu mmoja akikohoa. Kama mtu akiniuliza nilijifunza wapi kazi yangu, nitasema pale.

Katika masimulizi ya Baba, Bi Taa alikuwa na mume, na mume alikuwa ndani ya meli inayokuja. Kila Jumapili Baba alimaliza kwa maneno yale yale: "Meli iko njiani. Imechelewa, lakini iko njiani."

Mama yumo kwenye kanda ya pili. Anamwambia Baba, "Kapufi, funga dirisha, watoto wanapigwa na baridi." Maneno saba, nimeyahesabu. Wiki iliyofuata alipelekwa hospitali Mbeya. Kwenye kanda ya sita nipo mimi, sauti nyembamba kama ya kifaranga, nauliza, "Baba, na Mama?" Watu wanacheka kidogo, kwa upole, na Baba anajibu kwa sauti ile ile ya msimulizi: "Meli iko njiani."

Habari zilifika siku ya Alhamisi, kati ya sehemu ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Tulimzika Jumamosi. Jumapili Baba akafungua kibanda. Mashangazi walimwambia ni aibu, yeye akasema aliahidi watu mwisho. Deo, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa ameshapelekwa Namanyere kwa shangazi. Mimi nilikaa nje, nyuma ya ukuta, juu ya rundo la matofali, nimeziba masikio kwa vidole. Nilimwona mwongo. Niliapa kwamba sitamsikiliza akidanganya tena.

Hakutafsiri tena baada ya siku ile. Aliuza deki, akawa muuza mbegu za alizeti, mtu mkimya, mwenye heshima. Aliishi miaka ishirini zaidi na sikuwahi kumwuliza alisema nini. Waliokuwemo ndani nimewauliza mara nyingi. Mzee Mwanisawa alisema meli ilifika, watu wakapiga makofi. Mama Perpetua alisema taa ilizimika. Fundi Aloyce alisema Kapufi hakutafsiri hata neno moja, aliongea mambo ya nyumbani kwake tu. Wote watatu wamekufa, na kila mmoja aliapa.

Mara ya pili kuitazama ni mwaka huu, na sauti ya chini, huku mashine ya ukalimani ikiniandikia Kiswahili chini ya picha. Katika sehemu ya nne, kabla ya dakika zile sita, Bi Taa anapokea karatasi kutoka kwenye mtambo. Nikiwa mtoto niliambiwa ni barua ya mumewe. Ni taarifa. Inasema shirika lililomtuma limevunjwa, njia imefungwa, na hakuna chombo kitakachopita tena. Anaisoma mara mbili. Anaikunja. Halafu anachukua kitambaa na kwenda kusafisha kioo.

Hakuna mume, wala meli. Kuanzia sehemu ya nne hadi ya kumi na mbili mwanamke yule anajua kwamba hakuna anayekuja, na anaitunza taa.

Nilisimamisha mashine, nikatoka nje, nikasimama juani muda mrefu.

Nimejiuliza kama Baba alielewa. Kihungari chake kilikuwa cha dereva: kushoto, kulia, simama, maji, chakula. Lakini nalirudia jambo moja. Mtafsiri asiyeelewa huwa anajaza, ukimya unamtisha. Baba alijaza kila mahali. Baada ya karatasi ile peke yake, kwa dakika sita, hakusema kitu. Bado sijamaliza kulifikiria.

*

Deo alirudi baada ya chakula cha mchana, na nilijua kwa jinsi alivyofunga mlango kwamba amekuja na shauri.

"Nimewaza," alisema. "Usikatae kabla sijamaliza."

"Sema."

"Una sauti ya yule bibi kwenye kanda kumi na mbili. Siku hizi mashine inatunga. Mjukuu wangu amemtungia marehemu bibi yake hotuba ya harusi, watu wamelia. Mpe mashine hizo kanda, itunge mwisho, kwa sauti yake mwenyewe. Picha ni ya kweli. Bibi ana miaka tisini na saba. Atasikia, atafurahi, atalala salama. Na sisi tutabaki na Baba."

Nilikuwa nafuta ncha ya kisomeo kwa spiriti. Niliendelea kufuta.

"Umemaliza?"

"Bado. Baba angefanya hivyo hivyo."

"Angefanya," nilisema. "Ndiyo maana nilikaa nje."

Alicheka kidogo, bila furaha, akakaa kwenye kigoda chake. Aliangalia mikono yake.

"Wewe una cha kukumbuka, dada. Unamkumbuka Mama alivyotembea, unamkumbuka akikupiga kibao. Mimi sina hata kibao. Nina maneno saba ya kufunga dirisha. Aloyce alisema Baba aliongea mambo ya nyumbani. Mambo gani ya nyumbani, siku moja baada ya kumzika? Amemtaja Mama mle. Pengine ameeleza alivyokuwa. Pengine amenitaja hata mimi." Aliinua macho. "Utaigeuza yote hiyo vumbi kwa ajili ya mtu wa Ulaya aliyevaa nguo za karatasi?"

Nilitamani nimjibu vibaya, ili tugombane na iwe rahisi. Lakini hakuwa amesema kosa.

"Nimempa ahadi," nilisema.

"Mwambie imeoza. Si uongo."

"Itakuwa nusu ya ukweli, Deo."

"Nusu inamtosha mtu wa miaka tisini na saba."

"Nampigia saa nane," nilisema. "Kaa usikilize. Ukiona nimekosea, utaniambia mbele yake."

*

Bibi Marta ndiye aliyeigiza Bi Taa. Wengine wote wameshakufa, hata mtu wa ndani ya Bwana Debe. Televisheni ya kwao ilikuwa inafuta kanda zake ili izitumie tena, na mfululizo mzima ukapotea. Ndiyo maana mtu mmoja aliposema kwenye mtandao kwamba kuna fundi Sumbawanga mwenye kanda za injinia, Bibi Marta aliniandikia siku ile ile. Nilimwahidi sauti ya chini ya sehemu zote kumi na tatu.

Saa nane uso wake ulijaa kwenye skrini ya ukutani. Ngozi ilikuwa imekunjamana kama karatasi ya kaki, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

Mashine ya ukalimani ilisita, kisha ikasema kitu kirefu kwa Kihungari. Alicheka. "Inaniambia unanishika miguu," ilitafsiri. "Mwambie aishike polepole, wa kushoto unauma."

Hata Deo alitabasamu. Nilimtambulisha, kisha nikasema yote kwa mpangilio: unga, gundi, juu, chini, mara moja tu. Nikamwambia kilichoko juu ni cha nani. Sikumficha kitu. Nilipomaliza alisogea karibu na kamera.

"Katika lugha yenu," aliuliza, "mimi nilisema nini?"

"Ulisema meli iko njiani, bibi. Ulikuwa na mume ndani yake. Kila Jumapili ulituambia amechelewa kidogo."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, sehemu kumi na mbili."

Aliweka mkono mdomoni.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia meli," alisema. "Baba yako alikuwa mtu mwema."

"Alikuwa anatudanganya," nilisema.

"Inawezekana kuwa yote mawili."

Halafu akanieleza jambo ambalo hakuwa ameliandika kwenye barua zake. Dakika kumi za mwisho, Bi Taa anaongea peke yake mbele ya taa. Maneno hayo yaliandikwa na mume wake, aliyekuwa mwandishi wa mfululizo. Aliyaleta asubuhi ya siku ya kurekodi, Bibi Marta akiwa ameshavaa nguo za kuigizia. Hapakuwa na muda wa kujifunza, akayasoma kwenye kadi zilizoshikwa nyuma ya kamera, mara moja, wakamaliza. Wiki tatu baadaye mume alivuka mpaka usiku na hakuonekana tena. Hakuacha barua.

"Nilikuwa nafikiria taa," alisema. "Nilikuwa nafikiria nisikose mstari, na kwamba viatu vinanibana. Niliyasema kwa mdomo wangu huu, na siyakumbuki. Miaka sabini na miwili najaribu. Nataka kujua kama alikuwa ananiaga."

Nilimwangalia Deo. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Najua ninachokuomba," alisema Bibi Marta. "Mtu mwenye adabu angesema, chukua ya baba yako. Mimi nina miaka tisini na saba, sina muda wa adabu. Nayataka yale maneno. Lakini kanda iko mkononi mwako, na ukifanya vingine sitakulaani."

"Nimekusikia, bibi."

"Na yule kijana hapo nyuma analia?"

Kijana ana miaka hamsini na sita. "Ni mafua," alisema Deo. Mashine ikatafsiri. Bibi Marta akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeyajua mafua ya aina hiyo.

*

Hakuna kanda ninayoiweka kwenye kisomeo bila jaribio. Ni utaratibu wangu tangu mwanzo: sekunde kumi na moja za kwanza, juu, ili nijue uzito wa ncha na unyevu wa gundi. Juu, kwa sababu juu ndipo ncha inapofika kwanza. Kwa kanda iliyooza sekunde hizo zinapotea chini, lakini kwa kawaida hakuna kitu pale, ni picha ya jina la mfululizo tu.

Kwa kawaida pia Baba alizitumia kusalimia. Kwenye kanda zote kumi na mbili ni maneno hayo hayo: "Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, taa imewashwa." Nilimwambia Deo asitegemee zaidi ya hilo.

Nilipitisha utepe kwenye magurudumu kwa kibano, nikapuliza hewa, nikaishusha ncha. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua limeingia hadi kwenye meza. Kwenye kioo jina lilitokea, limepinda kidogo. Tukasikia benchi zikikwaruza sakafu, mtu akimwambia mwenzake asogee. Kisha Baba akakohoa.

"Wakubwa shikamooni," alisema. Akasita. Sauti haikuwa ya msimulizi. Ilikuwa ya nyumbani, ile ya asubuhi kabla hajanywa chai. "Leokadia. Najua uko nyuma ya ukuta. Mlango sijaufunga, mwanangu. Ingia hata katikati. Mimi nita..."

Ncha ilijiinua yenyewe. Chini ya gurudumu kulikuwa na mstari wa unga wa kahawia, kama urefu wa kidole.

Deo ndiye aliyeongea kwanza. "Hajamaliza."

"Hajamaliza."

"Amebakiza kiasi gani?"

"Dakika arobaini na tatu."

Nilikuwa nimeushika ukingo wa meza. Nilikumbuka matofali yale, yalivyokuwa na baridi, na vidole masikioni. Nilikuwa nimeviziba kwa nguvu kiasi kwamba nilisikia damu yangu mwenyewe, ikivuma, na nilidhani huo ndio ushindi. Mlango ulikuwa hatua nane kutoka pale. Sikuwahi kuutazama kama umefungwa au la.

"Dada," alisema Deo. "Alikuachia mlango wazi. Sasa ingia."

"Nilikuwa na siku ile yote ya kuingia. Nilikuwa na miaka ishirini baada yake, naye yuko pale pale anauza mbegu. Ningemwuliza tu. Angeniambia."

"Ulikuwa mtoto."

"Siku ile, ndiyo. Miaka mingine nilikuwa mtu mzima." Nilivuta pumzi. "Yule bibi hakuachiwa mlango wowote, Deo. Hakuwa na wa kumwuliza."

"Na mimi je? Mimi nilikuwa Namanyere. Mimi niliachiwa mlango gani?"

Alisema bila hasira, na ndiyo sababu iliniuma zaidi. Nilikwenda nikakaa sakafuni karibu na kigoda chake, kama tulivyokuwa tukikaa kwenye mkeka.

"Wewe nakukosea," nilisema. "Nalijua hilo, na sitakuambia kwamba ni sawa. Nitakueleza Mama, kila ninachokikumbuka. Nilikuwa nakichelewesha, nikifikiri kitakuwa kidogo mno. Ni kidogo. Lakini ni chako."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, mbwa akamfuata.

"Alikuwa mrefu?" aliuliza hatimaye.

"Mrefu kuliko Baba. Baba alikuwa anakataa kupigwa picha naye wakiwa wamesimama."

Deo akacheka, safari hii kweli, halafu akajifuta uso kwa mkono wa koti. Akaanza kuokota maganda ya karanga chini, moja moja, akiyaweka mfukoni.

Unyevu ulikuwa umezidi kwa kusoma leo. Jaribio lilionyesha hivyo, na ningeona hivyo hata bila jaribio. Nilitoa utepe kwenye magurudumu, nikaurudisha kwenye gurudumu lake, nikauweka ndani ya kikaushio. Nyuzi hamsini, saa kumi na sita. Pungufu ya hapo unga utashikana na ncha, zaidi ya hapo plastiki itajikunja. Nilifunga mlango wa kikaushio, taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Ule unga wa kwenye gurudumu niliufagia kwa brashi ya manyoya, nikautia kwenye bahasha, nikaifunga. Hauna matumizi yoyote. Niliandika tarehe juu yake.

Halafu nikageuza swichi ya kisomeo kutoka JUU kwenda CHINI. Ilitoa mlio mdogo.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza Deo kutoka mlangoni.

"Saa tatu asubuhi, kama imekauka."

"Nitakuja. Usianze bila mimi." Alisimama kidogo. "Na Mama alikuwa anapika nini vizuri?"

"Hakuwa anapika vizuri. Njoo na chai, nitakueleza."

Alipoondoka nilichukua kadi ya kazi. Kila kanda ina kadi yake, na kadi zangu zote nimezijaza kwa namna moja: kilichofanyika naandika kwa wino, kitakachofanyika kesho naandika kwa penseli, kwa sababu kesho hubadilika. Niliandika: Kanda 13. Jaribio, sekunde 11, juu. Kukausha kumeanza saa kumi na moja kasoro robo. Penseli ilikuwa pale karibu na mkono wangu. Niliisogeza pembeni, nikaandika kwa wino: Kesho, chini.